TB ya utumbo: Kwa nini hufananishwa na magonjwa mengine?

TB haiishii kwenye mapafu. Inaweza kushambulia utumbo, hasa pale utumbo mwembamba unapoungana na utumbo mpana, upande wa kulia wa tumbo kwa chini. Bakteria wanaweza kufika huko mgonjwa wa TB ya mapafu anapomeza makohozi yake, au mtu anapokunywa maziwa yasiyochemshwa ya ng'ombe mwenye TB.

Tatizo ni dalili zake: tumbo kuuma, kuharisha, homa, kukonda, wakati mwingine uvimbe tumboni. Mwenye saratani ya utumbo au ugonjwa wa Crohn anaweza kuwa nazo hizo hizo.

Kukosea hapa ni hatari. Crohn hutibiwa kwa dawa zinazoshusha kinga ya mwili, zikiwemo steroidi. Mwenye TB akipewa hizo bila dawa za TB, ugonjwa unaweza kusambaa.

Eksirei ya kifua haitoshi, maana mapafu yanaweza kuwa safi kabisa. Daktari huingiza kamera ndogo kupitia njia ya haja kubwa na kuchukua vinyama vya utumbo vikapimwe maabara, kwa hadubini, kwa kuotesha bakteria au kwa GeneXpert. Bakteria wa utumbo huwa wachache, hivyo majibu ya "hakuna TB" si ya mwisho.

Habari njema ni kwamba inatibika, kwa kawaida kwa miezi 6: dawa 4 kwa miezi 2, kisha 2 kwa miezi 4.

Tumbo haliishi kuuma na unakonda? Nenda hospitali, na mwambie daktari kama nyumbani kuna aliyeugua TB.