Bei Haina Miguu: Nani Ameipandisha?

Mvua ikianza kunyesha Nairobi saa kumi na moja jioni, kuna sentensi moja lazima uisikie kwa mlango wa mat: "Nauli imepanda." Hebu tulia kidogo na hiyo sentensi. Imepanda aje? Nauli haina miguu, haina mbawa. Kuna msee ameangalia mawingu, akaangalia laini ya watu stejini, akaamua leo ni mia badala ya hamsini. Lakini kwa hiyo sentensi huyo msee hayuko.

Leo nataka tumtafute. Na ukitaka kujua alipotelea wapi, inabidi uende Uingereza, kwa maneno ya Kiingereza ambayo tunayasikia kila jioni kwa habari za biashara: prices soar, the shilling plummets, the market fluctuates.

Tuangalie kwanza haya maneno yalitoka wapi. Soar lilipitia Kifaransa cha zamani kutoka kwa neno la Kilatini la hewa, na lilikuwa la ndege anayepaa juu. Plummet ni kutoka plumbum, yaani madini ya risasi. Ilikuwa kile kipande kizito ambacho mabaharia walifunga kwa kamba kupima kina cha maji, binamu wa timazi ya fundi wa mjengo. Plunge ni la ukoo huo huo. Slump mwanzo lilikuwa kuzama kwenye tope. Na fluctuate linatokana na fluctus, yaani wimbi.

Ndege, risasi, tope, wimbi. Umeona kitu? Kila moja linasukumwa na upepo, na maji, ama na uzito wake lenyewe. Hakuna mkono wa mtu popote. Ukiambiwa soko "lina-fluctuate", umeambiwa ni kama bahari inayopwa na kujaa. Na nani amewahi kupeleka bahari kortini?

Lakini Kiingereza hakikuwa hivyo tu tangu zamani. Mwaka wa 1266 hivi, enzi ya Mfalme Henry III, Uingereza iliweka sheria ya mkate na pombe iliyoitwa Assize of Bread and Ale. Bei ya mkate ilikaa pale pale. Kilichobadilika ni uzito wake: ngano ikiwa ghali, mkate unakuwa mdogo, kwa kiwango kilichoandikwa. Mwokaji akipunguza zaidi ya hapo, anapigwa faini. Akirudia rudia, anafungwa shingo na mikono kwa mbao hadharani, kila mtu amwone.

Na kulikuwa na majina matatu ya wahalifu wa soko. Forestaller alinunua bidhaa njiani kabla hazijafika sokoni. Regrater alinunua sokoni akauza tena karibu na hapo kwa bei ya juu. Engrosser alinunua kwa wingi akangojea bei ipae. Haya yote ni majina ya watu. Mkate ukiwa ghali, lugha ilikuwa inakupa mtu wa kuuliza maswali.

Mwaka wa 1766, baada ya mavuno mabaya, watu waliandamana sehemu nyingi za Uingereza kwa sababu ya chakula. Mwanahistoria E. P. Thompson, kwa makala yake maarufu ya mwaka wa 1971, alionyesha kwamba umati wa karne hiyo mara nyingi haukuiba. Ulikamata nafaka, ukaiuza kwa bei ambayo watu waliona ni ya haki, na mara nyingine mwenyewe akarudishiwa pesa. Kwao bei ilikuwa kitu kilichofanywa na mtu, kwa hivyo mtu mwingine angeweza kukifanyua.

Halafu upepo ukageuka. Mwaka wa 1772 Bunge lilifuta sheria nyingi zilizowalenga hao wafanyabiashara. Mwaka wa 1776 Adam Smith aliandika kwamba uoga wa watu kuhusu engrossing na forestalling ni kama uoga wao wa uchawi. Kufika 1844, makosa yenyewe yalikuwa yametolewa kabisa kwa sheria. Na tuwe fair: Smith alikuwa na point. Mtu anayeweka nafaka mwaka wa njaa anaweza kuifanya ifike mwisho wa msimu. Halafu umati wenye hasira ulimvamia mwokaji wa mtaa, na huyo mara nyingi alikuwa amenunua ngano ghali kama kila mtu. Ni kama leo umkasirikie mama mboga kwa nyanya ambazo yeye mwenyewe alizilipia vikali Marikiti alfajiri.

Lakini wakati sheria ilipowaacha hao watu, lugha nayo ikawasahau. Neno linaloonyesha hivyo vizuri ni bubble.

Leo bubble ni povu tu: bei inavimba, inapasuka, pole sana. Karne ya 17 na 18, to bubble ilimaanisha pia kumtapeli mtu. Mwaka wa 1720 hisa za South Sea Company zilitoka karibu pauni 128 mwezi wa Januari, zikakaribia 1,000 katikati ya mwaka, na kabla mwaka kuisha zilikuwa chini ya 200. Watu wakamaliza akiba zao zote. Lakini hilo povu lilikuwa na wapulizaji. Kampuni iliwakopesha watu pesa ili wanunue hisa zake yenyewe, na iliwapa wanasiasa hisa kama hongo. Waziri wa Fedha, John Aislabie, alifungwa katika Tower of London mwaka wa 1721. Povu halijipulizi, wasee.

Inflation lina stori kama hiyo. Kwa Kilatini, inflare ni kupuliza hewa ndani ya kitu. Wamarekani wa karne ya 19 walipoongea kuhusu inflation ya pesa, walimaanisha noti zimeongezwa kupita kiasi, kwa hivyo ungeweza kuuliza nani ameziongeza. Baadaye maana ikahama kutoka kwa pesa hadi kwa bei. Siku hizi inflation "iko juu" vile joto liko juu.

Sisi je? Tunasema mfumuko wa bei, kutoka kwa kufumuka. Nguo ikifumuka, mshono umeachia wenyewe. Lakini Kiswahili kina kufumua pia, na hapo lazima kuwe na mtu ameshika uzi. Angalia vile lugha yetu iko sharp kwa hii kazi: bei inaweza kupanda, mtu anaweza kuipandisha, na bei inaweza kupandishwa. Silabi moja tu na swali limebadilika. Hiyo zana tunayo bure, na bado magazeti yetu yanaandika "bei yapanda", "shilingi yaporomoka", kama yaliyokopa mawimbi ya wenyewe.

Chukua mafuta. Kila tarehe 14 ya mwezi EPRA hutangaza bei mpya, na mtaani tunasema "mafuta yamepanda" kila mara. Lakini kupanda hakufanani. Urusi ilipovamia Ukraine mwaka wa 2022, mafuta na ngano zilipanda dunia nzima, na hakuna mtu Kenya angezuia hiyo. Julai 2023, VAT ya mafuta ilitolewa asilimia 8 ikawekwa 16. Hapo bei ilipandishwa, kwa sheria, na watu wenye majina. Unaweza kuunga mkono hiyo kodi ama uipinge, hiyo ni yako. Lakini huwezi kufanya lolote kati ya hayo mawili kama umeambiwa tu kwamba bei "imepanda".

Sisemi kila bei ya juu ina mwizi nyuma yake. Ukame upo, vita vipo, na kuna siku soko kweli linabebwa na wimbi. Ninachosema ni tuache kuamua hilo kabla hatujauliza. Next time ukisoma kwamba kitu kimepaa, kimeporomoka ama kimeyumba, ongeza silabi moja kwa hicho kitenzi uone kama kuna mtu anajitokeza. Akikosekana, sawa, laumu mvua. Akitokea, muite kwa jina.