Vita ya 2063 na vita yetu ya 1978

UE zinabisha hodi huku kampasi, lakini leo notsi nimeziweka pembeni kidogo. Nataka tuongelee tamthilia moja ya Kimarekani iliyokufa mapema, inaitwa Space: Above and Beyond. Sisi wa Muleba inatuhusu, mtaona.

Kwanza historia yake kwa kifupi. Waliiunda Glen Morgan na James Wong, jamaa waliotoka kuandika The X-Files. Televisheni ya Fox ilianza kuirusha Septemba 1995, na Juni 1996 ikawa imekwisha. Msimu mmoja tu! Iliwekwa Jumapili saa 1 jioni, watazamaji wakawa wachache, na gharama za vita vya angani si mchezo. Kwetu Tanzania Bara ndio kwanza ITV ilikuwa imeanza, 1994, kwa hiyo wengi tumekuja kuijua kwa kukopiana tu.

Kisa kinatokea mwaka 2063. Viumbe wa mbali wanashambulia makoloni ya binadamu, na vijana wa Kikosi cha 58 wanapelekwa vitani mafunzo yakiwa bado mabichi. Tumezoea kwenye vibanda vya video kwamba steringi hafi. Humu anakufa. Sehemu ya mwisho inakatika vita haijaisha, nusu ya kikosi imepotea, na hakuna aliyerudi kutuambia ikawaje.

Kuna mambo mawili yaliyonigusa. La kwanza ni Cooper Hawkes. Huyu ni mtu aliyekuzwa kwenye tangi, katolewa humo akiwa na mwili wa miaka 18, hana baba wala mama. Watu wa aina yake walitengenezwa wapigane vita vya wengine, walipogoma wakaitwa waoga. Anapigania watu wanaomdharau. La pili ni jina la adui: Chigs, kwa kufananishwa na funza. Askari wakishampa adui jina la mdudu, kumuua kunakuwa kama kumtoa funza kwenye kidole. Halafu pole pole tamthilia inafunua kwamba kampuni ya AeroTech ilijua huko kuna viumbe, ikanyamaza, ikaacha watu wahamie.

Sasa turudi nyumbani. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, yakashika eneo lote la kaskazini ya mto, na daraja la Kyaka likalipuliwa. Novemba 2 Mwalimu Nyerere akatangaza vita. Bara hakukuwa na televisheni, watu waliisikia redioni. Jeshi likaongezwa mgambo, polisi na vijana wa JKT, wengi wao wakulima tu. Kampala ilianguka Aprili 11, 1979.

Sisi nasi tulikuwa na jina la adui: nduli. Ila angalieni tofauti hii, ni muhimu kwa mwalimu wa historia. Nduli alikuwa Amin, sio Mganda. Waganda waliokimbia utawala wake walipigana bega kwa bega na askari wetu. Ukifundisha vita hii bila kusema hilo, unamfundisha mtoto kumchukia jirani yake.

Pale Kaboya, hapa hapa Muleba, wamelala mamia ya askari wa vita ile. Wamarekani waliweza kubuni vita ya mwaka 2063 na kumpa kila askari jina, hofu yake na utani wake. Yetu ilitokea kweli, na darasani tunaifundisha kwa mtindo wa "taja sababu tano na matokeo matano". Hofu ya yule mgambo aliyetoka shambani kwenye migomba haimo kwenye majibu.

Kijana wa miaka 20 mwaka 1978 leo ameshapita 65. Tamthilia ikikatwa unaweza kujibunia mwisho wake. Mzee akiondoka na yake, hakuna wa kuibuni.

Kwa hiyo wana-edu, mkienda likizo au BTP, ukikutana na mzee aliyekwenda vitani, msalimie, kaa naye chini, muulize alikula nini, alimwogopa nani, nani hakurudi. Akikubali, rekodi kwenye simu. Asipotaka kusema, muache, hiyo nayo ni historia.

Nawasilisha. Waliokwisha ongea na wazee wao watupe yao hapo chini.