KUUTAZAMA MOYO WA MTOTO ALIYE TUMBONI

Mtoto mchanga akiwa na midomo ya buluu, akachoka kunyonya na kuhema mbio, huenda ila imo moyoni mwake. Duniani, takriban mtoto mmoja katika kila mia huzaliwa na ila kama hiyo.

Elimu hii ina asili kongwe. Jalinus wa Kiyunani alidai kuwa damu hupenya vitundu vya ukuta utenganishao vyumba vya moyo. Ibn al-Nafis, tabibu wa Damaski aliyefariki Cairo mwaka 1288, alikanusha: ukuta huo hauna tundu, na damu hupitia mapafuni. Alisema kweli juu ya moyo mzima. Leo twajua kuwa tundu likiwapo, ndiyo ila yenyewe.

Mwaka 1953, mjini Lund, Sweden, daktari Inge Edler na mwanafizikia Hellmuth Hertz waliupima moyo kwa sauti isiyosikika. Jaribio la kwanza walilifanya kwa mashine ya kuazima kutoka kiwanda cha meli cha Malmö, iliyotumika kutafutia nyufa za vyuma. Nahodha hushusha bildi akajua kina asichokiona. Nao walipeleka sauti, ikarudi na habari. Kufikia mwaka 1980, Lindsey Allan wa London na wenzake walikuwa wameeleza namna ya kuvitazama vyumba vinne vya moyo wa mtoto angali tumboni.

Faida yake ni nini? Mtoto aliye tumboni hapumui kwa mapafu. Damu yake hupita mshipa mdogo wa mkato, nao hufunga siku chache baada ya kuzaliwa. Kwa mwenye ila nzito, mshipa huo ndio uhai wake. Ikijulikana mapema, huzaliwa karibu na wenye dawa ya kuuzuia usifunge na wapasuaji. Kwa mama wa Pemba, hiyo ni safari ya Mkoani hadi Unguja, kisha Dar es Salaam, ilipoanzishwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete mwaka 2015. Bahari ni ile ile, lakini kuivuka na mtoto tumboni si sawa na kuivuka na kichanga kinachokata pumzi mikononi.

Wapo wachelea kuwa huku ni kuingilia ghaibu. La. Daktari hatabiri, huona kilichokwisha kuumbwa. Ajali ya mtoto ni siri ya Mola wake, bali kutafuta tiba ni wajibu wetu.

Basi, mume, usimcheleweshe mkeo kliniki. Nawe mama mkwe, umhimize. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Wabillahi tawfiq.