Gari la Popo na Umbo Lililopotea

Tumezoea kuiweka asili juu na nakala chini. Lakini hutokea nakala ikadumu na umbo lake, hali asili yake imekwisha kugeuzwa isitambulike. Hicho ndicho kisa cha gari la Kimarekani liitwalo Lincoln Futura, na cha kijigari cha plastiki kilichoundwa kwa mfano wake.

Futura lilichorwa na Bill Schmidt na John Najjar wa kampuni ya Ford, na bodi yake ikafuliwa kwa mikono na mafundi wa Ghia mjini Turin, Italia. Lilionyeshwa hadharani mjini Chicago mwezi Januari 1955. Gharama yake hutajwa kuwa dola 250,000, fedha nyingi mno kwa zama zile, ilhali halikuundwa kwa kuuzwa. Lilikuwa gari la ndoto, la kuwaonyesha watu namna magari ya kesho yatakavyokuwa. Urefu wake ulikaribia mita 5.8, rangi yake ilikuwa ya lulu yenye kuelekea samawati, nyuma yaliinuka mapezi mawili makubwa, na mahali pa paa palikaa kuba mbili angavu, moja juu ya dereva na nyingine juu ya abiria. Gari lililokamilika, lenye kuweza kuendeshwa, lilikuwa hilo moja tu.

Mwaka 1956 kampuni ya Revell ilitoa umbo lile kwa plastiki, kwa kipimo cha 1 kwa 25. Liliuzwa katika boksi, vipande vipande, na mnunuzi akaviunga mwenyewe kwa gundi nyumbani kwake. Kikikamilika, kijigari kilipata urefu wa sentimita 23 hivi. Nani wakati ule angedhani kwamba mchezo huo wa mezani utakuja kuwa ushahidi wa kihistoria?

Ndoto za maonyesho hazina maisha marefu. Mwaka 1959 Futura lilipakwa rangi nyekundu na kutumiwa katika filamu ya It Started with a Kiss, kisha likasahauliwa. Hatimaye liliangukia mikononi mwa George Barris, fundi wa kugeuza magari huko California, na husimuliwa kuwa alilipata kwa dola moja. Mwishoni mwa 1965 watayarishaji wa mfululizo wa televisheni wa Batman walihitaji gari la shujaa wao kwa haraka. Muda ulikuwa wiki tatu hivi, nao hautoshi kuunda gari tangu mwanzo. Barris akalitazama Futura, akaona kuwa mapezi yale yamekwisha kuwa nusu ya mbawa za popo.

Sehemu kubwa ya kazi ya chuma ilifanywa na Bill Cushenbery. Pua ya gari iligeuzwa ikawa uso wa popo. Mapezi yakarefushwa na kingo zake zikachongwa mithili ya mbawa. Matao ya magurudumu yakapanuliwa. Kuba zikakatwa juu, vikabaki vioo vilivyopinda. Kisha ikaja rangi nyeusi ing'aayo, yenye mistari myekundu kandokando. Tarehe 12 Januari 1966 gari hilo lilionekana kwenye televisheni, na mwaka huohuo likaingia katika filamu. Tangu hapo dunia imelijua kwa jina la Batmobile, na Futura halikurudi tena.

Hapa ndipo kijigari cha 1956 kilipopata kazi mpya. Wapenzi wa kuunga vijigari waliotaka gari la popo lenye vipimo sahihi walitambua kuwa mifupa yake imo ndani ya boksi la zamani la Revell. Wakaanza kuirudia safari ya Cushenbery kwa udogo wake: kukata pua kwa msumeno mwembamba, kurefusha mapezi kwa vibapa vya plastiki, kuziba maungio kwa puti, kupiga msasa hadi kiungo kisionekane, na mwisho kupaka rangi nyeusi. Ni kazi ya majuma mengi, na kosa la milimita moja kwa kipimo hicho ni sawa na sentimita mbili na nusu katika gari lenyewe.

Lakini kila bodi ya zamani inayokatwa hivyo hulipoteza Futura mara ya pili. Picha zipo, na filamu ya 1959 ipo, ila picha haizungukwi wala haigeuzwi mkononi.

Wapenzi wa tungo wataikumbuka Takhmisi ya Liyongo, inayonasibishwa na Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir. Mtunzi alitanguliza mishororo yake mitatu juu ya miwili ya kale, ubeti ukatimia mitano. Anayetaka kuisikia sauti ya kale peke yake huitenga ile miwili katika kila ubeti, akaikuta salama. Fundi wa chuma hana bahati hiyo, kwani mshororo wake mpya huuandika kwa kuufuta wa zamani.

Baadhi ya waungaji wamepata njia iliyo karibu na ile ya mtakhmisi. Huitia bodi ya zamani katika kalibu ya mpira laini, wakamimina utomvu wa viwandani, wakapata bodi nyingine iliyo sawa nayo. Msumeno hupita katika nakala hiyo, nayo bodi ya 1956 ikarudishwa ndani ya boksi lake.

Tarehe 19 Januari 2013 gari la Barris liliuzwa mnadani huko Scottsdale, Arizona, kwa dola milioni 4.62, pamoja na ada ya mnada. Mnunuzi alilipia popo. Kuba mbili za Turin, kama zilivyokaa kabla ya kukatwa, hakuzipata humo. Mfano wake umo katika boksi la Revell, kwa plastiki, mahali pasipofika msumeno.