Muzee anasema mgongo, kumbe ni huzuni: maswali mawili ya kuuliza ku kituo cha afya

Mama wa miaka 70 anafika ku kituo cha afya. Anasema mgongo unauma, usingizi hauji, chakula hakina ladha. Wanamupima malaria, wanamupa parasetamoli, anarudi nyumbani. Kisha wiki mbili anarudi na shida ile ile. Mutu hajamuuliza juu ya moyo wake.

Si uzee tu

Kwa wazee, depresio mara nyingi haionekani kwa machozi. Inaonekana kwa maumivu ya mwili, uchovu, kukonda, kusahau, ao kukaa peke yake bila kusema. Jamaa inasema: "Ni uzee, ni mawazo mingi." Ni kweli wazee wengi huku kwetu walipoteza watoto, nyumba na mashamba sababu ya vita. Lakini huzuni ikikaa zaidi ya wiki mbili, karibu kila siku, na muzee anashindwa kazi zake za kawaida, ni ugonjwa na una matunzo.

Maswali yenyewe

Kuna maswali mawili mafupi yanayoitwa PHQ-2. Muuguzi anauliza: katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi
- ulikosa hamu ao furaha ya kufanya mambo?
- ulijisikia na huzuni, kuvunjika moyo ao kukosa tumaini?

Kila jibu lina alama: hapana kabisa 0, siku kadhaa 1, zaidi ya nusu ya siku 2, karibu kila siku 3. Jumla ikifika 3, anaendelea na PHQ-9 yenye maswali 9. Kuna pia maswali 15 yaliyotengenezwa kwa wazee, GDS, ambayo yanajibiwa tu ndiyo ao hapana. Hayo ni mepesi kwa muzee anayechoka kuhesabu siku. Asiyejua kusoma anasomewa.

Alama nyingi si hukumu. Zinasema tu kwamba munganga aangalie zaidi: upungufu wa damu, pombe, dawa anazokunywa, ugonjwa wa kusahau, ao kilio cha mutu aliyefariki juzi.

Mujukuu atoke kidogo

Mara nyingi muzee analetwa na mujukuu, na mujukuu ndiye anajibu. Mbele ya watoto, muzee hatasema kama anatamani kufa. Basi muuguzi aombe dakika chache peke yao. Na aulize waziwazi kama anawaza kujiua. Kuuliza hakumutii mutu wazo hilo; kunamupa nafasi ya kusema. Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake, na dawa za panya na za shamba ziondolewe karibu naye. Apelekwe siku hiyo hiyo kwa munganga.

Kisha kupima, nini?

Kupima bila kutunza ni kazi bure. OMS ina mupango unaoitwa mhGAP wa kufundisha waganga na wauguzi wasio wa magonjwa ya akili. Ina pia Problem Management Plus: mikutano 5 ya mazungumzo, inayoweza kuongozwa na mutu aliyefundishwa hata kama si munganga.

Dawa zipo, lakini zinachukua wiki kadhaa kufanya kazi. Usimununulie muzee amitriptilini ku farmasi bila munganga: inaweza kumuletea kizunguzungu, kuanguka na shida ya moyo. Kwa kesi nzito, Bukavu kuna SOSAME na Goma kuna Tulizo Letu, vituo vya Frères de la Charité.

Nyumbani

Wewe unayesoma, ukimusindikiza muzee ku kituo, mwambie muuguzi mambo uliyoona: halali, hali, haendi tena kanisani ao musikitini, ameacha kuku zake. Kisha toka inje, umuache aseme mwenyewe.