Theluthi ya Mjane

Daniel Parke Custis, bwana shamba wa Virginia, alifariki Julai 1757 bila kuacha wasia. Mjane wake, Martha, alikuwa na miaka 26. Sheria ya koloni ikamkatia theluthi ya mali: ardhi ailime, na watumwa zaidi ya 80 wamtumikie maisha yake yote. Kuwauza hakuruhusiwa, wala kuwaacha huru. Akifa, wanarudi kwa warithi wa Custis. Tena tangu 1662 sheria ilisema mtoto humfuata mama. Kila mjakazi wa fungu hilo alipojifungua, fungu likanenepa.

Mwaka 1759 Martha akaolewa na George Washington, na baadhi ya watu wa fungu wakahamia shamba lake la Mount Vernon. Huko wakaoana na watumwa wa bwana mpya.

Mwaka 1799 Washington aliandika kwa mkono wake orodha ya watumwa wa Mount Vernon: watu 317. Wa fungu la mjane walikuwa 153, wengi kuliko wake mwenyewe. Wapatao 40 aliwakodi kwa mjane jirani. Katika orodha hiyo mimi siwezi kumpita Isaac, seremala. Yeye ni wa Washington. Mkewe, Kitty, ni wa mirathi ya Custis, na mabinti wao wote wameandikwa upande wa mama. Baba aliwalea, lakini kwa hesabu hakuwa na mtoto.

Washington alifariki Desemba mwaka huohuo. Wasia wake uliwaacha huru watu wake, ila mpaka mkewe naye afe. Abigail Adams, mke wa Rais John Adams, aliandika kwamba Martha hakujiona salama kati ya watu ambao uhuru wao ulingoja kifo chake. Akawaacha huru tarehe 1 Januari 1801. Isaac akawa huru. Kitty na binti zake wakabaki utumwani.

Ona Judge, mjakazi wa fungu hilohilo, hakungoja. Alitoroka 1796 aliposikia atapewa mjukuu wa Martha kama zawadi ya harusi. Alifia New Hampshire mwaka 1848, na kisheria bado alikuwa mali ya mirathi ya Custis, kama walivyokuwa wanawe.

Martha alifariki tarehe 22 Mei 1802. Wajukuu wanne wakagawana watu wa fungu, na familia zikatawanywa. Nje ya fungu hilo Martha alikuwa na mtumwa mmoja tu wa milki yake kamili, Elish. Huyu sheria haikumzuia kumwacha huru. Katika wasia wake alimwachia mjukuu wake wa kiume.