Neno "dog" katika historia ya Kiingereza

Katika Kiingereza cha kale, jina la kawaida la mbwa lilikuwa "hund", ndugu wa "Hund" la Kijerumani. Neno "docga" lilikuwa adimu mno: linaonekana katika maandishi ya karne ya 11, na asili yake haijulikani. Hata hivyo, kufikia karne ya 16 "dog" lilikwisha kuwa jina la mbwa wote, nalo "hound" likabakia na mbwa wa kuwinda tu. Kifaransa nacho kililiazima, kikapata "dogue".

Maana zikazaana. Kitenzi "to dog" ni kumfuata mtu unyounyo. "Dog days", siku za joto kali, latokana na Kilatini na nyota Sirius, sawa na "canicule" ya Kifaransa. "Underdog", neno la karne ya 19, latoka katika mapigano ya mbwa: aliyelazwa chini ndiye anayeshindwa. Leo ni mnyonge yeyote anayetazamiwa kushindwa. Mwanafunzi anayeandika "mbwa wa chini" ametafsiri maneno, ameiacha historia.

Nasi tuna funzo hapa. Wapo wanaoicheka "imbwa" ya Kiswahili cha Lubumbashi, kwa kuwa vitabu husema "mbwa". Lakini "docga" nalo halikuwa na nafasi vitabuni. Kazi yetu ni kuliandika neno kwanza jinsi lisemwavyo, ndipo tulipime. Tukilitupa leo, kesho hatutakuwa na la kueleza.